Sehemu ya Pili Haitishi

Katika teksi ya kutoka Yeoville, basi dogo lililojaa abiria, kiti cha mbele yangu alikaa Elisée (kwa mujibu wa beji yake), mlinzi mwenye mabega kama kabati. Alikuwa akibishana na dada aliyepakata mfuko wa nywele za kusukia. "Ile filamu ya jini, sehemu ya kwanza ilinitetemesha. Ya pili? Jini halionekani hata mara moja! Nililala, dada." "Ndiyo maana inatisha zaidi, kaka." "Kisichoonekana hakimtishi mlinzi!"

Kwa ajili ya utafiti tu, nilimpulizia shingoni.

Elisée alipiga yowe. Katika teksi hizi, abiria akipaza sauti maana yake anashuka, basi dereva akafunga breki. "Nani anashuka?" Teksi nzima ilikuwa hoi kwa kicheko.

"Ulikuwa upepo tu!" alinguruma Elisée.

"Uliuona?" aliuliza dada.