Mama Mkwe Hakuniroga

Bwana asifiwe! Asifiwe Bwana aliyeniinua nikasimama kwa miguu yangu mbele yenu. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mbukwenyi. Nitasema Kiswahili ili hata ninyi mliokuja na kazi ya reli mnielewe, kwa sababu habari yangu ilifika mpaka kambini kwenu, na ilifika ikiwa imepinda. Leo nainyoosha.

Mimi ni Marta, mke wa Yakobo Ndahani. Nimezaliwa hapa hapa ukingoni mwa mbuga ya Bahi, na kazi yangu tangu utoto ni chumvi. Mwalimu aliponiita nitoe ushuhuda alinisihi niseme kwa upole. Nilimwambia nitajaribu. Ndugu zangu, nimejaribu tangu alfajiri na upole haujaja! Mungu ameniponya, hilo nitalisema mpaka nizikwe. Lakini nimepona nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niifiche chini ya kaniki yangu wakati mliyoyatenda mliyatenda mchana kweupe.

Nilianza kuvimba baada ya kumzaa mtoto wangu wa pili. Ilianza miguuni. Nilikuwa nikibonyeza kidole kwenye muundi, shimo linabaki pale kama kwenye tope. Kisha uso. Asubuhi macho hayafunguki mpaka yakandwe kwa maji. Kichwa kinagonga, moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Kulala chali sikuweza, nilikuwa nalala nimeegemea ukuta wa tembe, mume wangu ameniwekea gunia mgongoni. Mvua zikinyesha nilipata nafuu kidogo. Kiangazi kikirudi, nami nimejaa tena.

Na kiangazi ndicho wakati wa chumvi. Ninyi wageni hamjui, ngoja niwaambie. Maji ya mbuga yakikauka, juu ya udongo hubaki ukoko mweupe. Sisi wanawake tunaukwangua, tunaujaza kwenye vibuyu vilivyotobolewa chini, tunamwagia maji, tunayakinga yale yanayochuruzika, kisha tunayachemsha juu ya moto mkali mpaka maji yaishe ibaki chumvi. Jua kichwani, moto usoni. Na utajuaje kama maji yamekolea? Unachota, unamimina kiganjani, unaonja. Unaonja yale ya kwanza, unaonja ya pili, unaonja yaliyo motoni. Mimi ndiye niliyejua kuonja kuliko wote. Wanawake walikuwa wananiita kutoka chungu hadi chungu, Marta njoo utuonjee, nami naenda, tena kwa kujidai.

Kupumzika? Nani angeniruhusu? Akida alitaka mzigo wa chumvi kutoka kila nyumba, ya kupeleka boma na kambini. Mdachi hakuuliza nani mgonjwa. Nilipokwenda kuomba niachwe msimu mmoja tu, askari wa akida alinitazama usoni akasema mwanamke aliyevimba ni mwanamke aliyeshiba. Wakacheka wote barazani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndugu zangu, na siku ile niliubeba huo usufi mpaka nyumbani huku nahema.

Sasa nawageukia ninyi wa humu ndani. Mashemeji zangu, watu mliobatizwa, mlimleta mganga kwa siri, mkadhani sikumwona kwa vile macho yangu yalikuwa yamefura. Akachinja mbuzi wetu, akasema anayenila yumo ndani ya nyumba. Akala nyama akaenda zake. Mwalimu naye, nakuheshimu, ulinijia ukaniambia niungame dhambi niliyoificha, ndipo uvimbe utashuka. Niliitafuta dhambi hiyo! Niliitafuta mpaka nikaungama kuku wa jirani niliyemrushia jiwe. Uvimbe haukushuka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenitazama kama mgonjwa. Ni mama mkwe wangu, Mama Ndahani, mjane, mwanamke aliyekuwa bado darasani akijifunza ubatizo. Alisema mwili wangu una ugomvi na kitu fulani ninachokila, na kwa kuwa hatukijui, basi tukitoe kimoja kimoja mpaka kijitaje. Hakuwa mganga, wala hakujua jibu. Alikuwa na subira tu, na subira ndiyo iliyokosekana kwenu wote.

Tukaanza na maziwa. Mnajua maana yake, mke wa Mgogo akatae maziwa ya ng'ombe wa mumewe? Ilikuwa kama nimelitukana zizi zima. Nikakaa bila maziwa, nikavimba vile vile. Tukayarudisha. Tukaacha nyama, ambayo nayo tunaila kwa nadra. Hamna kitu. Tukaacha mlenda uliopikwa kwa magadi, nikaona nafuu ndogo, isiyo ya kutegemewa. Kisha tukaacha chumvi. Mama akanipikia chungu changu peke yangu, ugali na mboga chapwa kabisa, huku mimi kila siku nashinda mbugani kwenye vyungu. Nikavimba kuliko kwanza. Basi tukaiachilia chumvi, kama mwizi aliyekosa shahidi, tukaendelea kutafuta kwingine.

Kile chungu cha peke yangu, ndugu zangu, ndicho kilichomponza mama. Kisimani wanawake walianza: kwa nini mkwe anapikiwa mbali? Anawekewa nini mle ambacho wengine hawapaswi kukila? Mbona kila siku ananyimwa chakula kingine? Shemeji yangu mkubwa, mtoto wa kaka wa marehemu baba mkwe, ambaye leo ni mzee wa kanisa na amekaa pale kwenye nguzo, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akalisema kwa sauti ya hekima, na ninyi mkatikisa vichwa. Methali nzuri ikikaa kinywani mwa mtu mvivu wa kufikiri, inaua.

Mume wangu alikuwa safarini, amechukuliwa kubeba mizigo ya boma. Mlijua hayupo. Mkaja asubuhi, wanaume wazima, mkavunja vyungu vya mama mlangoni, mkamwambia atoke katika tembe alilolijenga na marehemu mumewe. Alitoka na shuka moja na unga wa uwele kwenye kibuyu. Hakulia. Mimi nililia, nikawapigia kelele kwamba hajanifanya lolote, lakini kifua changu hakikuwa na pumzi ya kufika hata mlangoni. Na Jumapili yake mkamfuta darasani mpaka mambo yake yajulikane. Nani alikwenda kuyajua? Hakuna!

Basi mchawi ameondoka. Nilitakiwa nipone, siyo? Nilizidi. Nilikwenda mbugani kwa sababu mzigo wa akida haukuwa na huruma, nikaonja na kuchochea moto, mpaka siku moja nikaanguka kando ya jungu la chumvi, wakanibeba mdomo wangu umekuwa wa samawati. Hapo ndipo mlipopaswa kuona aibu. Hamkuona. Mkasema bibi yule sasa ananirushia uchawi kwa mbali. Mtu mwenye jibu la kila kitu hana haja tena ya kumtazama mgonjwa.

Mungu akamrudisha Yakobo. Aliposikia, hakugombana na mtu. Alinibeba mgongoni, akavuka korongo, akanipeleka alikokuwa mama yake, kwenye kibanda cha kulindia ndege shambani, mabua juu, mabua pembeni. Watu walimfuata wakimwambia anampelekea chui mbuzi wake. Akaendelea kutembea.

Kule mama hakuwa na kitu. Alikuwa na uwele, majani makavu ya kunde, na ubuyu. Maziwa hakuna. Magadi hakuna. Chumvi hakuna, kwani nani angemkopesha chumvi mwanamke anayeitwa mchawi? Tulikula chapwa kwa sababu tulikuwa fukara, wala hatukukusudia dawa. Na mama akanikataza kazi. Nikinyanyuka kuokota kuni ananirudisha. Akida alikuwa ng'ambo ya korongo na moshi wa vyungu ulikuwa mbali. Nililala, ndugu zangu. Tangu niolewe sikuwahi kulala mchana bila mtu kuniita.

Nikaanza kukojoa. Msikunje nyuso, huu ni ushuhuda! Nilikojoa kama mtu aliyefunguliwa. Uso ukashuka, kifua kikafunguka, nikalala chali kama mtoto. Asubuhi moja nikaangalia chini nikaviona vifundo vya miguu yangu, vyote viwili, nikavishika nikalia. Mama akapiga magoti akamshukuru Yesu kwa Kigogo chake, yeye mliyemfuta darasani.

Lakini bado hatukujua adui ni nani. Niliomba kila siku: Bwana, umenitoa, basi nionyeshe umenitoa kwenye nini, nisirudi. Akanionyesha. Dada yangu alikuja kututazama kwa kujificha, akaleta chumvi imefungwa kwenye jani. Nikalifungua, nikachota kidogo, nikaweka ulimini nijue imechemshwa na nani. Mkono ulikwenda wenyewe. Hapo nikaganda, chumvi ingali mdomoni.

Mama akaniuliza kuna nini.

Nikamwambia, "Mama, hii nilikuwa naila kutwa nzima."

"Ulikuwa unaonja tu, mwanangu."

"Nilikuwa nakula, mama. Viganja vyote vile vilikuwa vinakwenda wapi?"

Tukatazamana. Sisi watu wa mbuga tunasema kuonja si kula, na tumelisema hilo tangu bibi zetu. Tuliitoa chumvi kwenye chungu, tukaiacha kwenye kiganja. Hatukutaka kukurupuka kama ninyi, basi tukajaribu. Tulikula ile chumvi ya dada siku chache, bangili za shaba zikaanza kunibana miguuni. Tukaacha, zikalegea. Baadaye tukarudia tena, ikawa vile vile. Bwana asifiwe! Adui yangu hakuwa na miguu wala tunguri, na mama mkwe wangu hakuwahi kumtuma.

Yakobo alikwenda mwenyewe kwa akida kumwambia mkewe hatachemsha chumvi tena. Akalazwa chini akapigwa kiboko. Makovu anayo, mkitaka kuyaona muulizeni. Siku hizi anakwangua udongo wa chumvi yeye mwenyewe, kazi ya kike, nanyi mnapita mkimcheka. Chekeni. Mwanamume yule amenibeba mgongoni wakati ninyi mnabeba maneno.

Nami tangu nirudi kwenye tembe letu, nakula chapwa, napumzika jua likiwa kali, na mnaniona. Kila mtu ananishika mkono, Marta amepona, Bwana asifiwe. Hata mmoja hajasema tulimkosea yule mama. Na juzi kisimani nimesikia kwa masikio yangu kwamba maombi ya kanisa yameshinda uchawi wa bibi. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo! Msimpe Mungu sifa za uongo, hazihitaji. Hakushinda uchawi wa mtu. Alinilisha kwa mkono wa mwanamke mliyemfukuza, na kama mama angenichoka siku moja tu, leo mngekuwa mnaimba juu ya kaburi langu na kumtafuta yeye kwa mawe.

Mama bado yuko kwenye kile kibanda. Mawingu mnayaona. Mvua ikianguka mabua yale hayatazuia kitu, na ameanza kukohoa, na fisi wanapita karibu mpaka anawasikia wakinusa. Nimemsihi arudi. Yakobo amemsihi. Amekataa. Amesema, "Sitarudi kwangu kwa kunyata kama mwizi. Walionitoa ndio waje wanirudishe." Nami simlaumu, ningesema hivyo hivyo.

Ndugu zangu, mwenye maumivu yasiyokwisha na anisikie. Mtumaini Mungu. Omba, kisha pumzika bila kuona haya, na uchunguze kila kinachoingia kinywani mwako, hata kile unachokiita si kitu. Usikubali kuambiwa una dhambi na mtu ambaye hajakaa nawe hata usiku mmoja. Na usikubali kuambiwa jina la mchawi, kwa kuwa ukishapewa jina utaacha kutafuta, na ugonjwa utabaki umekaa nawe mezani. Namshukuru Mungu kwa uhai wangu. Namshukuru kwa Yakobo. Namshukuru kwa Mama Ndahani, nalitaja jina lake ndani ya nyumba hii ambamo limefutwa.

Shemeji, wewe wa kwenye nguzo, sikuchukii. Mwalimu, nawe sikuchukii. Nimekasirika, na hasira yangu ina mahali pa kuishia, ni pale ng'ambo ya korongo. Mimi naenda kumchukua mama. Sikusema ibada ikiisha, nasema sasa hivi, kabla ya mvua. Njia mnaijua, ndiyo ile mliyomfukuzia. Sitawaomba mniitikie Amina hapa. Nitaisikia nyuma yangu huko njiani, kwa vishindo vya miguu yenu.