Obura Magan, Aliyejiandaa Kuitwa Yosefu

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Naftaly, shemeji ya marehemu, na mnivumilie, maana Jumanne asubuhi tulikunywa chai naye, leo Jumamosi yumo ndani ya sanduku, na familia hii bado haijaamini.

Mzee Obura alizaliwa tarehe 3 Machi 1937 huko Ugenya, mtoto wa tatu wa Mzee Magan, akasoma hadi darasa la sita mwaka wa 1952, akaja Nairobi kwa mjomba wake aliyekaa Kaloleni, na mwaka wa 1958 akaajiriwa katika karakana moja ya Industrial Area, alikochomelea malango na vitanda hadi siku yake ya mwisho. Grili za madirisha ya kanisa hili ni kazi ya mikono yake, aliyoifanya kabla hajajua hata ishara ya msalaba.

Alimwoa Rispa Aoko Agosti 1962 kwa taratibu zote za kwao, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Lydiah, na wote walibatizwa hapa pamoja na mama yao, huku baba akiketi kiti cha nyuma.

Aliandikishwa darasa la ubatizo mwaka wa 1976. Sheria ya katekista wetu, Bwana Thuo, mnaijua, anayekosa masomo matatu anarudi mwanzo, na zamu za karakana hazikujali somo la mtu, basi Obura alirudi mwanzo mara nne, hata vijana wakamtania kwamba somo la kwanza angeweza kulifundisha akiwa usingizini. Hakukasirika. Mwaka jana aliomba abadilishiwe zamu, hakukosa hata siku moja, Februari akaulizwa maswali na Padri akapita, akachagua kuitwa Yosefu, na Rispa akamnunulia shati jeupe la kubatizwa nalo katika mkesha wa Pasaka, Jumamosi ijayo.

Presha ilimwanza mwaka wa 1981, akawa anatumia dawa bila kulalamika. Jumanne tarehe 10 Aprili 1984, saa nne asubuhi, alianguka karakanani akishika kifua. Aliyekuwa karibu ni Matheka, mwenzake wa kazi na wa darasa la dini, na Obura alimshika mkono akamwambia, “Nibatize.”

Matheka akasema, “Mzee, hata mimi sijabatizwa.”

“Thuo alisema mtu yeyote, kukiwa na hatari. Mwaga maji.”

Matheka akachota maji kwenye ndoo ya kupozea vyuma, akayamwaga mara tatu kwenye paji la uso wake, akatamka maneno kama walivyofundishwa, ila kwa kuchanganyikiwa akataja jina alilolichagua kwa ajili yake mwenyewe, Agostino. Obura alikata roho kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Rispa hakulia, aliduwaa, akawa anauliza jambo moja tu, kama mumewe amekwenda akiwa amebatizwa au la, maana wapo waliomwambia maji yale si kitu. Alhamisi Padri alimwita Matheka, akamuuliza maji yalitiririka wapi, alitamka nini, alinuia nini, kisha akafungua daftari la ubatizo akaandika, Agostino Obura Magan. Rispa akaomba iandikwe Yosefu, Padri akamweleza kwa upole kwamba kinachoandikwa ni kile kilichotamkwa. Hapo ndipo alipolia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu presha, majirani wa mtaa wetu wa Jericho waliopika na kukesha nasi tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake waliochomelea msalaba wa kaburi, wenye jina ambalo wengi wenu mtalishangaa, na Bwana Thuo, kwa somo lililosikilizwa.

Shukrani ya mwisho ni ya Matheka, atakayebatizwa Jumamosi ijayo. Rispa amempa lile shati jeupe, naye amemwomba Padri ambatize kwa jina la Yosefu.

Agostino wetu, safari njema ya Ugenya, na upumzike kwa amani.