Saparboy Matniyozov, Marehemu wa Ukurasa wa 447

Kwa huzuni kubwa, na kwa usahihi unaotakiwa katika mambo rasmi, familia inatangaza kifo cha pili cha Mzee Saparboy Matniyozov, maskharaboz, yaani mcheza masihara, wa kijiji cha Kattabogh, wilaya ya Khonqa, Khorazm. Kifo cha kwanza kilitokea Tashkent mwaka 1963, katika ukurasa wa 447 wa kamusi, ndani ya mabano. Marehemu hakuwepo wala hakualikwa.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1931, mwezi wa Safar, ndipo lilipotoka jina lake, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Matniyoz na Bibi Onabibi. Baba yake alikuwa maskharaboz, na babu yake vilevile. Shangazi zake walisema alijua kulia kama punda kabla hajajua kulia kama mtoto, na kwamba kutwa nzima mama yake alikuwa akitoka na ndoo kumnywesha punda asiye na kiu.

Alianza shule ya Kattabogh mwaka 1938, akasoma miaka saba. Alifukuzwa mara tatu kwa kosa lilelile: kumwigiza mwalimu mkuu akisoma telegramu. Mara ya tatu mwalimu mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Haya, fanya. Na mimi nione." Marehemu alihitimu.

Kuanzia mwaka 1946 kitabu chake cha kazi kilimtaja kuwa mkulima wa pamba, na kweli alilima. Lakini hakuna harusi kati ya Khonqa na Khiva iliyojiona imekamilika bila kofia yake ya manyoya ya kondoo. Aliwaigiza wenye sherehe mbele ya macho yao. Hakuigiza mguu wa kiwete wala jicho la chongo. Aliigiza kile mtu alichojichagulia mwenyewe, kama mwendo wa cheo au kikohozi cha mkutanoni. Aliyerukwa alinuna. Mwenyekiti wa shamba la ushirika alimfuata siku moja hadi mferejini: "Wee Sapar, umemwigiza hadi mpishi! Kwani mimi si mtu?"

Tarehe 20 Novemba 1955 alimuoa Bikajon, binti wa mwoka mikate Ruzmat. Alikuwa amemwigiza mzee huyo akiinamia tanuri huku akiziokoa ndevu zake. Watu wote walicheka isipokuwa Bikajon. "Baba huanza na mkono wa kushoto," alisema. Marehemu alirudi wiki iliyofuata kuomba arekebishwe, akaendelea kurekebishwa kwa miaka hamsini na miwili.

Mwaka 1958 alikuja kijana wa kamusi, Zohid Latipov, akala tambi za kijani zenye majani ya shibiti nyumbani kwao siku kumi na moja, akiandika maneno ya kuiga na kukejeli. Kabla ya kila neno alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi. Yeye ndiye aliyemweleza marehemu kwamba maskhara kwa Kiarabu ni kitu cha kuchekwa, na boz kwa Kiajemi ni mchezaji.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayechekwa, kaka," alisema Latipov.

"Mimi nachekwa kwa hiari. Wenzangu wanachekwa bila kujua."

Alimweleza pia kwamba taklidi, yaani kuiga, asili yake ni kumvisha mtu kitu shingoni, kiwe kidani au kamba. Marehemu alilipenda hilo kuliko yote, akaliweka akiba.

Kamusi ilipotoka, aliisoma akiwa amesimama dukani. "Maskharaboz: mchekeshaji wa enzi za watawala makhan (limekufa)."

"Limekufa? Nina miaka thelathini na miwili!" alifoka alipofika nyumbani. "Nimrithishe mwanangu kazi ya maiti?"

"Kaa ule," alisema Bikajon. "Maiti hawapigi kelele hivyo."

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kuvuna pamba, aliandika barua kutaka mabano yaondolewe. Kila mwaka alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1984 na mabano yake, alipanda treni hadi Tashkent, akaingia kikao cha wahariri na kofia yake kichwani, akamwigiza Latipov, ambaye sasa alikuwa mhariri mkuu: ulimi, penseli, neno; ulimi, penseli, neno. Meza nzima ilicheka. Latipov hakucheka.

"Hiyo si kazi, mzee," alisema. "Ni taklidi tu."

"Taklidi ni kamba shingoni, ulinifundisha mwenyewe. Kati yetu ni nani amevaa tai?"

Walimsindikiza mlangoni. Kitabu chake cha kazi, walimwambia, kilionyesha mkulima.

Saratani ya tumbo iligunduliwa Machi 2008. Alikonda sana, akafurahi alipokumbuka kwamba kwa Kiarabu mzaha na kukonda vina herufi tatu zilezile za shina. "Nimefika kwenye shina," alisema akizigusa mbavu zake. Mwezi Septemba alikuja Latipov, mstaafu mwenye mkongojo, na toleo la tatu. Mabano yalikuwamo bado. Latipov alitoa kalamu, akayafuta kwa mstari mmoja mnene.

"Nakala nyingine siziwezi, kaka," alisema. "Hii naiweza. Na ulipoondoka siku ile, nilicheka hadi nikatoa machozi."

Marehemu hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Alitoa ulimi kidogo tu, akalowesha penseli isiyokuwepo. Latipov aliukalia mkeka, akalia machozi.

Alifariki nyumbani tarehe 11 Oktoba 2008, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, Bikajon, watoto wanne, Gulshod, Matyoqub, Ruzmat na Anajon, wajukuu tisa, na miongoni mwao Otabek, maskharaboz, ambaye kwa mujibu wa ukurasa wa 447 naye hayupo. Familia imekwisha kuyafuta mabano katika nakala ya shule na ya maktaba ya wilaya. Mwenye kutaka kushtaki anapajua kwetu. Mwenye kamusi nyumbani atapewa kalamu mlangoni.

Gulshod alimuuliza siku ya mwisho, "Baba, chini tuandike upumzike kwa amani?"

"Andikeni nimekufa," alisema. "Mara hii ni kweli."