Fisi Haji Mbele

Lori la Sericho lilitoka Isiolo asubuhi. Juu ya magunia ya mchele, mbele yangu, waliketi mzee Duba, mfugaji, na Kinanu, mwalimu kutoka Meru. Hawakujuana, lakini tulipopita Garbatulla walikuwa wanabishana kama ndugu.

"Ugonjwa wa sukari ungekupofusha, mzee," Kinanu alisema. "Madaktari walichoma pembeni mwa jicho na leza mwezi jana ndio waokoe katikati. Shukuru Mungu."

"Alhamdulillahi," Duba akajibu, kama mtu aliyeuziwa ngamia kiwete. "Hiyo katikati ni ya kusoma, mwalimu. Mimi sijasoma. Fisi haji mbele. Anakuja hapa." Akajigusa karibu na sikio. "Na hapa sasa ni giza."

"Daktari hakukuambia?"

"Aliniambia. Akauliza kama naendesha gari. Nikasema hapana. Akasema basi hakuna shida kubwa."

Sijawahi kuona fomu ya hospitali yenye nafasi ya kuandika fisi.

"Kwa hivyo ni heri ungekuwa kipofu kabisa?" Kinanu alikuwa amekasirika sasa.

"Kipofu hakuna mtu anampatia mbuzi achunge. Mimi bado wananipatia. Wiki jana nilirudi bila sita, na watoto wangu wakasema mzee alikuwa amelala."

Lori likasimama Sericho. Duba akateremka bila kushikwa mkono. Mkewe alikuwa amesimama kando ya tairi, amemnyooshea mkono wa salamu. Akampita, macho mbele, akimwita mkewe kwa jina, "Tuye! Tuye!"