Kijana wa Filamu Aliyelia kwa Kiha

Basi lilikuwa halijatoka Kasulu vizuri, mama mmoja wa Busunzu aliyekaa mbele yangu na kuku wake akaanza kuilaani filamu aliyoiona Jumamosi kwenye banda la video. "Kijana anamrekodi mwenzake akipigwa mpaka anakufa, halafu anakaa kuitazama ile picha huku anakula mkate! Afadhali mwishoni alilia, tena kwa Kiha."

Jirani yake akakohoa kidogo. "Samahani mama, kile kilio nilikitia mimi." Kumbe ndiye Twalibu, DJ wa banda, anayeshika maiki na kuwasemea Wazungu wa kwenye filamu kwa lugha yetu. "Yule kijana halii, hasemi neno, mpaka filamu inakwisha. Nikaona aibu, maiti hana wa kumlilia. Nikamsaidia: 'Yoo, mwana wa mama, nimekukosea!' Banda zima likalia, kisha likapiga makofi."

Basi zima likaangua kicheko, konda naye. Kuku tu ndiye aliyebaki na uso mkavu kama wa yule kijana wa filamu.

"Basi umetudanganya," mama alisema. "Mwenye filamu alitaka tuogope."

"Kuogopa si mliogopa? Mimi niliongeza msiba tu."

Walibishana kwa raha zao mpaka Busunzu. Mama akashuka, akapokea kuku wake dirishani, lakini hakuondoka.

"Mwanangu Kipriani naye, tangu apate simu, hanisemeshi," alimwambia Twalibu. "Jumapili uje nyumbani. Na hiyo maiki uje nayo."