Nilikula Udongo wa Kwetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na kinywa hiki changu, maana ni kinywa kilichokula udongo.

Wengi hapa Giheta mnanijua kama mke wa Mathias, fundi matofali. Mimi nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Kule baba yangu alikuwa na hadithi moja tu: udongo wa Gashoho, kwetu Muyinga, ambako vita vilitukimbiza. Tukila ugali wa mgao, atasema mahindi ya Gashoho ni matamu kwa sababu ya udongo wake. Mtu akiumwa, atasema ni hii ardhi ya watu. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Amani iliporudi, nasi tukarudi Gashoho, baba alishuka kwenye gari akapiga magoti, akashika udongo kwa mikono miwili, akalia mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa. Mume wangu alitangulia huku kutujengea nyumba, mimi nikabaki Muyinga kumsaidia baba kulima. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ndugu zangu, hapo ndipo hamu iliponishika! Mvua ya kwanza ilinyesha, harufu ya udongo ikapanda, na mate yakanijaa kinywani kama mtu aliyeona nyama. Nikakwangua ukuta wa jiko, nikala. Kesho yake nikala tena. Ikawa siwezi kulima mstari mmoja bila kutia kibonge mdomoni.

Siku baba aliponifuma nilitaka kukimbia. Lakini hakunikemea. Machozi yalimtoka, akasema, "Kula, mama. Udongo umemjua mtoto wake." Akawatangazia majirani kwa fahari: binti yangu amekulia ugenini, lakini nchi inamwita! Wakapiga makofi. Hata kanisani walimshukuru Mungu kwa ajili yangu. Baba akawa ananiletea mwenyewe ule mzuri wa kichuguu, ameufunga kwenye jani la mgomba.

Huku mimi nilikuwa naisha. Nikipanda kilima kutoka mtoni napumzika kama bibi kizee. Moyo ulinidunda hata nikiwa nimekaa. Midomo ikawa myeupe, miguu ikavimba. Sikusema, maana nani atasema vibaya juu ya kitu kinachomfurahisha baba yake? Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja. Mtoto wangu alizaliwa kabla ya siku zake, wa kiume, hakulia hata kidogo.

Jambo linalofuata linaniuma kulisema. Siku ya kumzika, wakati wanachimba, ule udongo mbichi ulininukia. Mate yalinijaa! Mama gani huyo? Nilisimama pale namlilia mwanangu, na huku natamani kinachomfunika. Nilijua nimelaaniwa. Niliomba, nikafunga, hamu ikazidi. Mwisho nikaacha kuomba. Nilimwambia Mungu anichukue tu, kwa sababu sikuona kitu kilichobaki cha kuokoa.

Mume wangu akanileta huku, nikashika mimba nyingine. Sikufurahi. Nilikuwa nangoja tu siku ya kuzika tena. Na hamu ilikuwa ileile. Mabukwe, mama wa mume wangu, alinikuta nyuma ya matofali mabichi, nimejaza mdomo. Nikamweleza vile baba alivyosema, kwamba udongo wa kwetu unaniita.

Akayaangalia yale matofali, akaniangalia mimi. "Alors, mwana wangu, kama ni udongo ya Gashoho inakuita, hii ya Giheta imekujulia wapi?" Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Si nchi iko inaita. Ni mwili yako iko inatafuta kitu. Vaa viatu, twende."

Kwenye kituo cha afya muuguzi alivuta chini kope la jicho langu, ndani palikuwa peupe. Wakanitoboa kidole, wakapima, na siku hiyohiyo nikapelekwa hospitali Gitega kuongezewa damu. Nilielezwa kwamba damu yangu ilikosa madini ya chuma, na kwamba hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu huo. Mwili unaomba, lakini hausemi jina la kile unachokitaka. Na udongo wenyewe hauponyi. Unaweza kukuletea minyoo, na kuzuia hata kile chuma kidogo unachokipata kwenye chakula. Nikapewa vidonge, nikala maharagwe, mboga ya lengalenga, na visamaki vya ndagara kila vilipopatikana. Hamu ikalegea pole pole. Siku moja mvua ilinyesha, harufu ikapanda, nami nikaendelea kuchambua maharagwe yangu. Haleluya! Ilikuwa harufu tu.

Binti yangu huyu alizaliwa analia kwa nguvu mpaka mabukwe akaziba masikio.

Lakini ndugu zangu, sikuja kuwadanganya kwamba nimepona kila mahali. Yule wa kwanza bado amelala Gashoho. Na baba, tangu nilipomweleza maneno ya hospitali, hajamgusa mjukuu wake. Anasema mikono yake ndiyo iliyonilisha kifo. Leo amekuja kutoka Muyinga. Amekaa pale karibu na mlango.

Wewe unayekula udongo au mkaa kwa siri, Mungu hakukulaani. Sema! Nenda ukapimwe damu, hata kama watu wanakusifu. Na umtegemee Bwana, maana mimi nilipoacha kumwita, yeye hakuacha kunitafuta.

Na wewe, baba yangu. Ulinipa kitu ulichokipenda kuliko vyote duniani. Sijakukasirikia hata siku moja. Nina huzuni tu, na huzuni hiyo ni yetu sote wawili. Simama, baba, kanisa litangoja. Huyu mtoto amekuwa mzito, mikono yangu imechoka. Njoo umpokee.