Santuri Apewe Asiyesikia

Zimeni simu, wanangu, mkae karibu nikiwa bado na pumzi, maana hili silisemi mara mbili. Nyumba ni yenu wote, msiuze hata mlango wake. Kifungua mimba, kinyozi mwenzangu, kibanda cha kunyolea ni chako pamoja na vioo vyake. Kitinda mimba achukue kiwanja. Hayo hayana maneno.

Yenye maneno ni santuri, na najua mmeshaanza kuzipigia hesabu. Miaka yote mliniona nikirudi na sahani ya muziki kwapani wakati marehemu mama yenu alinituma sabuni. Mtaa mzima uliniita Mzee Mikwaruzo, na jina nikalipenda. Nilizitafuta minadani, kwa wajane, kwenye baa zilizofungwa, na hakuna iliyoingia humu bila kuoshwa na kuvikwa jalada lake. Wenye vipara walikuwa wakija kibandani kusubiri zamu, wapate tu kuzisikiliza! Tajiri sikuwa, lakini nilichokuwa nacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na nasema hivyo bila haya.

Sasa sikilizeni. Santuri zote, na gramafoni yake, nampa dada yenu huyu, kiziwi. Mnatazamana? Tazamaneni. Mtasema mzee anaweweseka, kampa kipara kitana. Nyie wenye masikio mlizifanya nini? Mmoja aligeuza santuri kuwa sinia ya chai, na baba yenu mdogo aliazima ile ya kwaya ya wanawake, akaiacha dirishani juani, ikarudi imepinda kama ukingo wa kofia. Nimemsamehe, ila asiazimwe tena.

Dada yenu huyu, akiwa bado mdogo, alinikuta nafuta vumbi, akaichukua santuri mkononi mwangu, akaiinamisha kwenye mwanga na kunionyesha kwa kidole ile mistari yake myembamba: hapa wanapiga kwa nguvu, hapa wametulia. Nikaiweka kwenye gramafoni, na ngoma zikaingia palepale aliposema. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia kwa furaha. Tangu hapo ndiye anayeziosha, na hakuna mkwaruzo wake hata mmoja. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu nimemsifu miaka yote, na maji hakutia.

Msizigawe. Mkitaka kusikiliza, nendeni kwake, na msisimame mlangoni kupiga hodi; ingieni, mguseni bega, mwombeni kwa adabu. Asiyenawa mikono asiguse kitu.

Mungu awape riziki ya halali na nyumba zenye kelele za watoto. Awape... ngojeni nimeze mate. Sogeeni, sauti inanikauka. Wewe binti yangu kaa hapohapo, unaiona vizuri midomo yangu. Nyie wengine, sauti ikikatika, msiniinamie na masikio yenu. Mtazameni yeye. La mwisho atalisoma, naye atawaambia.